Nani Anamlipia Korongo?

Mara ya kwanza nilipomwona yule njiwa nilikuwa na njaa na nimechelewa. Nilikuwa nimetoka darasani jioni, nikaamua kupita juu, kwenye High Line, kwa sababu huko hakuna taa za magari za kungojea. High Line ilikuwa reli ya mizigo iliyopita juu ya mitaa ya magharibi mwa Manhattan. Siku hizi ni bustani ndefu na nyembamba ya watu wa miguu. Pale inapofika juu ya 10th Avenue, karibu na mtaa wa 30, pana jukwaa la sanamu, na juu ya jukwaa hilo alikuwa amesimama njiwa. Si yule njiwa mweupe wa amani mwenye tawi mdomoni. Ni njiwa wa mjini, wa kijivu, shingo ya kijani na zambarau, miguu myekundu, yule yule anayeokota makombo ya chipsi kituo cha basi. Ila huyu alikuwa na urefu wa karibu mita tano.

Nilicheka peke yangu. Kisha nikanyamaza, kwa sababu alikuwa ananitazama vile mimi huwatazama njiwa: bila chuki na bila haja yoyote nami.

Sanamu hiyo inaitwa Dinosaur. Imetengenezwa na Iván Argote, msanii mzaliwa wa Bogotá anayeishi Paris, na iliwekwa hapo Oktoba 2024. Ni ya alumini, imepakwa rangi kwa mkono, unyoya kwa unyoya. Nilirudi kuiona mara ambazo niliacha kuzihesabu, na kila niliporudi nilimfikiria ndege mwingine, mwenye sura mbaya zaidi, ndege wa Nairobi, ambaye mimi na wenzangu watatu tulijaribu kumsimamisha tukashindwa. Kwa hiyo msomaji asinione mhakiki asiye na upande. Ninao. Nataka kuelewa kwa nini njiwa wa New York alipata watu wa kumlipia na korongo wetu hakupata, na kama tatizo lilikuwa ndege, sisi, au mfuko wenyewe.

Nianze na kinachonipendeza kwa njiwa huyu. Kwanza, haombi chochote. Sanamu nyingi za wanyama tunazowekewa mijini huja na ombi: tuokoe, tusaini, tuchangie. Njiwa hawezi kuomba hivyo kwa sababu hayuko hatarini hata kidogo. Ukitaka kuwahamasisha watu kuhusu wanyama wa mjini, jambo unalowaambia si kwamba mnyama huyu anakwisha. Ni kwamba yupo, ni jirani yako, na hujawahi kumtazama vizuri. Hilo ni gumu zaidi kuchonga kuliko huzuni. Argote amelifanya kwa hila moja tu, ukubwa. Amekuza kitu tunachokikanyagia kando mpaka tukalazimika kuinua shingo.

Pili, jina. Ndege wote ni wazao wa dinosauri, na hilo linamfanya njiwa kuwa mzee kuliko kila kitu kilichomzunguka pale, maghorofa ya vioo na sisi wenyewe. Lakini jina hilo pia lina utani wenye makali: wale wakubwa waliotawala dunia walikwenda, huyu mdogo akabaki. Na njiwa wa New York si mwenyeji. Aliletwa na Wazungu waliohamia kutoka Ulaya, akatumika kama kitoweo na tarishi, kisha akaachwa ajitegemee. Mimi niliyefika hapa na viza ya mwanafunzi na masanduku mawili nilisimama mbele ya mhamiaji huyu nikahisi tunaelewana.

Tatu, mahali. Katika kila mji niliowahi kuishi, jukwaa refu huwekewa mtu: rais, jemadari, mfalme juu ya farasi. Njiwa humtua huyo mtu kichwani na kumnyea. Argote amemwondoa jemadari, akamwacha aliyekuwa akimnyea.

Kasoro yake? Ni msafi mno. Njiwa wa mjini wa kweli mara nyingi hukosa kidole kimoja au viwili, kwa sababu nyuzi na nywele za watu humzonga miguuni mpaka vidole vinakufa. Ukianza kuangalia miguu ya njiwa hutaacha tena. Njiwa wa High Line ni kama ametoka saluni. Anatufundisha kumwona njiwa lakini hatuonyeshi tulichomfanyia, na nadhani hapo ndipo mahali ilipo sanamu palipoanza kuiathiri sanamu yenyewe.

Maana mahali hapo pana wenyewe. Ardhi ni ya jiji, lakini bustani huendeshwa na shirika lisilo la faida, Friends of the High Line, ambalo hukusanya karibu bajeti yake yote ya mwaka kutoka kwa wafadhili binafsi. Jirani wa karibu wa jukwaa ni Hudson Yards, mtaa wa minara ya kifahari. Katika mji huu majengo mengi yamepigiliwa misumari kwenye kingo za madirisha ili njiwa asitue. Kwa hiyo matajiri wa mji uleule wanaweza kulipa mara mbili: mara ya kwanza kumfukuza njiwa, mara ya pili kumsimamisha. Silisemi hili kwa kejeli tu. Linaonyesha kwamba fedha za watu binafsi zinaweza kumlipia hata mnyama asiyependwa, mradi kuna mtu katikati, kati ya mfuko na msanii, mwenye ujasiri wa kuchagua. Mwaka 2020 High Line waliwaonyesha watu mapendekezo 80 ya sanamu na kuwaomba maoni yao kabla ya kuteua. Njiwa alitoka katika rundo hilo. Mfadhili hakuingia chumbani na kusema, "Mimi napenda tausi."

Sasa twende mtaa mwingine wa Manhattan, miaka sita nyuma. Machi 2018, katika uwanja mdogo wa Astor Place, ilizinduliwa sanamu ya shaba ya vifaru watatu waliopandana mmoja juu ya mwingine kama wanasarakasi. Iliitwa The Last Three. Wachongaji wake ni Gillie na Marc Schattner, mke na mume kutoka Australia. Vifaru hao ni wetu: Najin, Fatu na Sudan, vifaru weupe wa kaskazini wa mwisho duniani, waliokuwa wakiishi Ol Pejeta, Laikipia. Siku chache tu baada ya uzinduzi, tarehe 19 Machi, Sudan alikufa akiwa na umri wa miaka 45. Watu walikuja kuacha ujumbe wa buriani.

Sikuwa New York wakati huo. Niliiona kwa picha nikiwa kidato cha nne, na nilijivuna. Kifaru wetu yupo Marekani! Leo nikiitazama picha ileile sijivuni tena. Wamepandana kwa nini? Hakuna kifaru anayepanda mgongo wa mwenzake hivyo. Nadhani wamepandana kwa sababu uwanja ni mdogo na sanamu inayokwenda juu hupigwa picha vizuri. Uzito wa kifaru, ambao ndio ukifaru wenyewe, umefanywa mchezo wa kusawazisha. Siwezi kuwalaumu sana. Walisafiri mpaka Ol Pejeta, walimwona Sudan kwa macho yao, na huruma yao siitilii shaka. Lakini wanandoa hawa huendesha kazi yao kwa mtindo ambao kila mtu anayeandika kuhusu sanamu za wanyama anapaswa kuuelewa: hukopesha miji sanamu kubwa na huuza nakala ndogo kwa watu binafsi. Mji unapata kitu cha kuwekwa uwanjani karibu bila gharama. Nani angekataa? Ila kitu kinachokubalika na kila mji sharti kiwe kitu kisichomuudhi mtu yeyote katika mji wowote. Ndipo unapata vifaru, twiga na tembo, shaba safi yenye macho ya upole, mbali na pale wanyama wenyewe wanapokula mahindi ya watu.

Mtindo wa tatu ndio ulioenea zaidi, nao ulinigusa mimi binafsi. Ulianza Zurich kwa namna ya simba na ng'ombe wa kupakwa rangi, na mwaka 1999 ukalipuka Chicago: ng'ombe zaidi ya mia tatu wa fiberiglasi walitawanywa mitaani, kila mmoja na mdhamini wake na msanii wake, kisha wakapigwa mnada kwa ajili ya misaada. Tangu hapo miji imepangiwa tembo, simba, dubu, vifaru, kila kiumbe kinachopendwa na watoto. Fedha hupatikana, tena nyingi, na baadhi huenda kweli kwenye uhifadhi. Lakini angalia kinachompata mnyama. Umbo ni lile lile kwa wote, limetoka kwenye kalibu moja. Kinachobadilika ni rangi juu yake. Mnyama amekuwa ubao. Simba wa maua, simba wa bendera, simba wa rangi za benki. Hakuna anayetoka hapo akijua kitu kipya kuhusu simba.

Na kama ni suala la mnyama kuwa kisingizio, sisi tulianza zamani. Sanamu ya mnyama inayojulikana kuliko zote Kenya ni pembe za Mombasa, zile pembe za ndovu za alumini zinazopandana juu ya Moi Avenue. Ziliwekwa miaka ya 1950 kupamba ziara za familia ya kifalme ya Uingereza. Zimechapishwa kwenye kadi za posta, fulana, na kila mgeni wa bara akifika pwani sharti apigwe picha chini yake, nami ninayo yangu, meno nje. Ndovu mwenyewe hayupo. Pana pembe nne na hakuna mnyama. Tumepita chini yake miongo saba bila kuuliza mwenye pembe alikwenda wapi.

Sasa niseme habari za korongo.

Ukitoka katikati ya Nairobi kuelekea uwanja wa ndege, karibu na uwanja wa michezo wa Nyayo, tazama juu ya migunga. Utawaona wamesimama juu ya viota vyao kama wazee waliovaa makoti wakingoja mkutano ambao mwenyekiti hajafika. Ni korongo mfukoshingo. Wengi wetu humwita marabu, na ndugu zetu wa Kampala humwita kaloli. Ana kimo cha mita moja na nusu. Akikunjua mabawa, kutoka ncha hadi ncha hupita mita mbili na nusu. Kichwa kina upara wenye madoadoa, shingoni kunaning'inia mfuko wa rangi ya waridi. Miguu yake ni myeusi kiasili, lakini huonekana kama imepakwa chokaa kwa sababu hujinyea ili kupoza mwili. Hula mizoga na taka. Dandora, kwenye jaa kuu la jiji, huchakura bega kwa bega na watu wanaotafuta plastiki na chuma. Watoto humcheka, wenye magari walioegesha chini ya miti yake humlaani.

Tulipokuwa tunamaliza shahada ya kwanza, wanne kati yetu tulibuni sanamu yake. Urefu mita nne, vyuma chakavu vitupu: boneti za magari, mabati, mabomba. Hatukuwa wa kwanza kuchomelea wanyama kwa vyuma vya kutupwa. Kioko Mwitiki amefanya hivyo kwa miaka mingi, na wanyama wake wamesafiri ng'ambo kuliko sisi. Tofauti yetu ilikuwa mnyama na mahali. Tulitaka asimame kando ya Mombasa Road, macho ya abiria wa matatu yakimfikia kifuani, chini ya migunga ambamo wenzake wangemnyea kila siku. Hilo lilikuwa sehemu ya mchoro. Tuliandika kwenye pendekezo: "Rangi ya mwisho itawekwa na ndege wenyewe." Nilikuwa na miaka ishirini na miwili na niliona hiyo ndiyo sentensi bora niliyowahi kuandika.

Fundi tuliyempata Kamukunji alikuwa mzee wa miaka sitini hivi, mtengenezaji wa majiko na masanduku ya shule. Tulimwonyesha mchoro. Aliushika mbali na macho, akaugeuza, akasema, "Huyu namjua. Huyu ni mzoa taka asiyegoma." Kisha akaniuliza, "Lakini binti yangu, nani analipa?"

Nikamwambia, "Mzee, tunatafuta mdhamini."

"Haya. Mimi nitaanza na miguu. Miguu ni kazi ndogo. Mkipata mtu, tutapanda juu."

Tulimlipa malipo ya kwanza kutoka mifukoni mwetu, akaanza miguu. Sisi tukaanza kuandika barua. Kampuni moja ilitujibu, tena haraka, ikatuita. Sitaitaja, haikutukosea kisheria na pengine mwaka huo ilikuwa na mambo mazito kuliko ndege wetu. Chumba kilikuwa na kiyoyozi na chupa ndogo za maji. Mama aliyetupokea alikuwa mpole, wa rika la shangazi yangu, na alikuwa amesoma pendekezo letu lote, jambo ambalo hata msimamizi wangu wa tasnifu hakuwa amefanya.

"Vijana," alisema, "kazi yenu ni nzuri sana. Swali langu ni moja. Kwa nini msitutengenezee simba?"

Mmoja wetu akasema kwamba sanamu ni ya kuwafanya watu wamtazame mnyama wanayeishi naye.

"Naelewa. Lakini huyu watu wanamhusisha na takataka."

"Ndiyo maana, madam."

Akacheka, si kwa ubaya. Akaeleza kwamba nembo ya kampuni ingekuwa hapo chini, kwenye kitako cha sanamu, na wakubwa wasingekubali nembo yao ikae chini ya ndege huyo. Alisema neno "chini" kwa namna ambayo sote tulielewa. Pendekezo letu lilikuwa limewaahidi kinyesi, kwa maandishi.

Ningependa kuandika kwamba tulisimama, tukashukuru kwa maji, tukaondoka na heshima yetu. Hatukufanya hivyo. Tulirudi hosteli na kwa siku tatu tukachora simba. Nilichora manyoya ya shingo kwa minyororo ya baiskeli, na yalipendeza, hilo ndilo linaloniuma. Tukawapelekea. Hawakujibu tena. Hadi leo sijui kama simba naye alionekana mchafu au bajeti iliisha. Ninachojua ni kwamba tulimuuza korongo bure.

Kwa muda mrefu niliisimulia hadithi hii kama hadithi ya mdhamini mjinga. Nimeacha, kwa sababu kadhaa, na moja ni simba mwenyewe.

Nairobi ni mji wa ajabu: mbuga yake ya taifa, iliyotengwa mwaka 1946, ina kilomita za mraba 117, iko mwendo mfupi kutoka katikati ya jiji, na upande wa kusini haina ua. Simba hutoka. Mwaka 2016 walionekana mitaani zaidi ya mara moja, na tarehe 30 Machi mwaka huo dume mmoja aliyejulikana kama Mohawk, kwa ajili ya manyoya yake ya kichwani, alipigwa risasi na askari wa wanyamapori huko Isinya, baada ya kutoka mbugani na kumjeruhi mtu. Kwa maana hiyo simba ni mnyama wa mjini Nairobi kama korongo. Kama yule mama angesema, "Tutengenezeeni Mohawk, amelala chali, kando ya barabara iliyomkata njia," ningekubali siku hiyohiyo. Ingekuwa sanamu bora kuliko yetu. Sisi wenyewe hatukuliwaza hilo, hata tulipokuwa tukichora simba kwa siku tatu. Tulimchora simba wa noti na chupa ya bia, aliyekaa, kifua mbele, hana jina. Mdhamini hakutulazimisha kuchora vibaya. Alitaja mnyama tu. Umbo la uoga tulilileta sisi.

Hicho ndicho ninachokiona sasa nikimkumbuka njiwa. Fedha inapomtegemea mtu mmoja anayeweza kusema "sipendi," msanii hajiulizi tena mnyama huyu ni nani. Anajiuliza mnyama yupi hatakataliwa. Na huanza kujiuliza hivyo mapema, kabla ya kuandika barua ya kwanza, mpaka asijue kwamba anajiuliza. Njia za High Line si safi, lakini kati ya mwenye pesa na njiwa palikuwa na ukuta: mapendekezo hadharani, maoni ya watu, wateuzi wanaojua kazi yao. Sisi tulikuwa na meza moja na chupa za maji.

Basi ukuta huo ungetoka wapi kwetu? Nina jibu, ingawa najua litachekwa. Barabara.

Nairobi Expressway, ile ya juu kwa juu kutoka Mlolongo hadi Westlands, ina urefu wa kilomita 27 na ilifunguliwa kwa magari mwaka 2022. Inapita pale pale, usawa wa viota vya korongo. Ili ijengwe, miti mingi kando ya barabara ilikatwa. Mmoja tu ulipata jina kwenye habari: mgumo wa Westlands, ambao kelele za watu ziliuokoa hadi rais akatoa amri mwezi Novemba 2020 kwamba usiguswe. Sikatai, nilishangilia. Mgumo ni mti wenye heshima, una mila nyuma yake na wazee wa kuusemea. Korongo hana mzee wa kumsemea.

Gharama ya barabara hiyo ilizidi dola milioni 600, na kampuni iliyoijenga inazirudisha kwa kutoza magari. New York wana sheria ya mwaka 1982 inayotenga asilimia moja ya bajeti ya baadhi ya majengo ya umma kwa ajili ya sanaa. Philadelphia walitangulia mwaka 1959. Ungetoa asilimia moja ya Expressway ungepata dola milioni sita. Nasikia tayari mnacheka. Toa basi moja ya kumi ya asilimia moja: dola laki sita. Kwa fedha hizo ungesimamisha msururu wa korongo, Mohawk, popo na kima kutoka Mlolongo hadi Westlands, na bado ukalipa mafundi wote wa Kamukunji kwa wakati. Fedha hizo zingekuwa gharama ya ujenzi kama lami, na kwa kuwa ni gharama, hakuna ambaye angedai nembo yake iwekwe mahali pasafi.

Mtu atanijibu: na Eldoret je? Agosti 2024, siku chache kabla mji huo kupewa hadhi ya jiji, sanamu za wanariadha zilizowekwa mitaani zilichekwa mtandaoni vibaya sana mpaka zikaondolewa haraka. Nilizicheka pia. Mabingwa wa dunia walikuwa wamefanywa watu ambao hata mama zao wasingewatambua. Kwa hiyo ni kweli, kutoa shilingi ya umma hakuleti sanamu nzuri peke yake. Lakini mimi Eldoret huniletea matumaini kidogo. Watu waliziangalia! Walizipima mkono kwa mkono, uso kwa uso, wakasema huyu si yule bingwa tunayemjua. Huo ulikuwa uhakiki wa sanaa, wa bure, wa nchi nzima, ila ulifanyika sanamu zikiwa zimeshasimama. Katiba yetu ya 2010 inadai wananchi washirikishwe katika mambo ya umma. Tunaitwa kwenye mabaraza kujadili mitaro na masoko. Hakuna aliyeniita kunionyesha mchoro wa sanamu na kuniuliza, "Mwaonaje?" Weka michoro themanini ukutani pale kituo cha Railways kwa mwezi mmoja, uone kama watu wa Nairobi watakosa maoni.

Sijui kama wangemchagua korongo. Pengine wangemchagua simba. Ningeumia, lakini ningekuwa nimeshindwa na majirani zangu, na ningejua la kuwaambia mara ya pili.

Likizo iliyopita nilirudi nyumbani nikaenda Kamukunji. Mzee yupo. Miguu ya korongo ipo pia, miwili, mita moja na themanini kila mmoja, ile ya mabomba, vidole vya nondo vimefunguka vizuri chini. Ameisimamisha mbele ya kibanda na kuweka ubao juu yake. Juu ya ubao hupanga majiko ya kuuza. Niliiangalia miguu nikaona jinsi alivyokuwa amepinda magoti, yale yanayoonekana kama yamekunjwa kinyume, sawasawa kabisa na ya ndege mwenyewe. Hatukuwa tumemchorea hivyo. Alikuwa amekwenda Nyayo kutazama.

"Mlipata mtu?" aliniuliza.

Nikamwambia bado, mzee.

Akatikisa kichwa, akaniuzia jiko kwa bei ya mteja wa kawaida, na akanikumbusha kwamba kazi ya miguu ilibaki na deni la shilingi elfu sita.

Nililipa elfu mbili. Nne nitatuma.